Siku Katindo Ilipoweka Mikono Nyuma

Tangu niwaachie garaji, ninyi vijana mumenifuata nyumbani mara nyingi kuuliza mambo ya kazi, na mimi ninajibu kwa furaha, maana mutu aliyezoea kulala chini ya magari ukimukalisha juu ya kiti anachoka haraka. Lakini kuna swali moja ambalo kila mara nimelichekea tu na kubadilisha maneno. Kwa nini katika garaji letu ni marufuku kusukuma gari la mutu kabla ya kumuuliza? Muji muzima unasukuma. Gari likizimika pale Katindo, dereva hajafungua hata mulango, watu wako nyuma yake tayari, mikono juu ya kofa ya mizigo, na mumoja wao ni polisi aliyekuwa anataka kumukamata. Ninyi peke yenu munasimama pembeni na kuuliza, "Papa, tusukume?" kama watu waliokuja kuposa. Basi, magoti yamenistaafisha, wakati ninao. Nitawaelezea.

Baba yangu alitoka Kasongo na muzigo wa vitenge, akafika Goma, akaoa, akatuzaa. Alitaka niuze vitenge kama yeye. Nilikuwa ninakata nguo vibaya hadi wateja wakawa wananihurumia. Ndipo akanipeleka kwa rafiki yake wa musikitini, Muzee Saleh, aliyekuwa na garaji chini ya mabati machache, nyuma ya kambi ya wanajeshi ya Katindo. Akamuambia, "Huyu mutoto, ukiona anafaa, kaa naye. Ukiona hafai, usinirudishie." Akaenda zake bila kugeuka. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ufundi.

Siku hiyo ya kwanza taxi moja ilikuwa imekufa katikati ya garaji, inaziba njia. Mimi, ili nionyeshe bidii, nikakimbia nyuma yake nikaanza kusukuma. Muzee Saleh akanishika kola ya shati.

"Unafanya nini?"

"Ninasukuma, Muzee."

"Gari ni ng'ombe?"

Akafungua kapo, kile kifuniko cha moteri. Akachukua ufunguo murefu wa bujii, akazitoa bujii zote, zile plagi zinazowasha mafuta, akazipanga juu ya kitambaa. Kisha akaingia ndani, akatia vitesi, yaani gia, ya kwanza, akazungusha ufunguo wa kontakti. Na lile gari, bila tone la esanse kuwaka ndani yake, likatembea. Polepole, likilia ngwii, ngwii, lilitoka lenyewe hadi kwenye ua.

"Umeona?" akasema. "Ni demareri hiyo, ile moteri ndogo inayoamsha moteri kubwa. Bujii zikiwa ndani, hewa inafungiwa na moteri kubwa inashindana nayo. Ukizitoa, ubishi unaisha, na ile ndogo inaweza kukokota gari zima. Lakini usiilazimishe, itaungua. Vuta, pumzika, vuta. Na ukae unajua: gari lenye batri halijafa. Usimusukume mutu angali anaweza kutembea."

Nilibeba maneno hayo kama hekima kubwa kwa miaka mingi, hadi siku moja bibi yake aliponiambia kwamba Muzee alikuwa na ngiri na daktari alimukataza kusukuma kitu chochote. Falsafa nyingi za mafundi zinaanzia mugongoni. Lakini hata hivyo maneno yalikuwa ya kweli.

Sheria yake ya pili munaijua: aliyekaza ndiye anayepanda. Ukifunga gurudumu au ukigusa freni za gari, safari yake ya kwanza unakaa ndani, pembeni ya dereva, na munashuka ule muteremuko wa Munigi pamoja. Watu husema nilikuwa fundi makini. Makini gani! Nilikuwa ninaogopa kufa. Mutu akijua kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeonja kazi yake, hasahau kukaza boulon hata moja.

Mambo mengine niliyojifunza kwa Muzee mumeyaona kwa macho. Ile fimbo ya mukaratusi, ncha moja kwenye moteri, nyingine kwenye sikio, inayosikia ugonjwa kabla dereva hajausikia. Ile soksi ndefu ya mwanamuke inayovishwa juu ya filtre ya hewa, kwa sababu vumbi letu si vumbi, ni jiwe la volkano lililosagika, na likiingia ndani ya moteri linakula chuma kama mugeni aliyefika saa ya chakula. Hizo soksi zilituletea maneno mengi nyumbani, mimi na mafundi wenzangu, kila bibi alipokuta moja ndani ya mufuko wa mumewe.

Katika wateja wa Muzee Saleh kulikuwa na dereva mumoja wa taxi, Munande wa Butembo, jina lake Kambale. Mutu mupole sana. Alikuwa anaendesha gari dogo la milango minne, la rangi ya maziwa, alilolinunua kwa mama mumoja muzee aliyelitunza vizuri, na ndani yake harufu ya manukato ya yule mama haikutoka kamwe. Ndiyo sababu akaliita Tantine, yaani shangazi. "Tantine leo anakohoa," alikuwa ananiambia, na kweli ukiweka fimbo unasikia kikohozi. Mimi nilikuwa na sala yangu ya Ijumaa, yeye misa yake ya Jumapili, na Jumamosi wote wawili tulikuwa chini ya Tantine. Urafiki wetu ulijengwa pale, mugongo juu ya kartoni, tukiongea bila kuangaliana usoni. Sijui kama nimewahi kumupenda mutu nje ya ukoo wangu kama nilivyomupenda Kambale.

Kisha ikaja ile miaka ambapo wafanyabiashara na wenye magaraji wa hapa walianzisha mashindano ya magari. Si magari ya ajabu, hapana. Magari yetu haya ya kawaida, ya kwenda nayo sokoni. Yalikuwa yanazunguka kwa masaa sita, kutoka Katindo, kupanda hadi Munigi, kugeuka na kushuka tena, na aliyezunguka mara nyingi zaidi ndiye mushindi. Sheria mbili tu ndizo zilizotangazwa kila mara kwenye kipaza sauti. Ya kwanza, masaa yakiisha, gari sharti livuke mustari wa mwisho, la sivyo hata kama ulikuwa wa kwanza muchana kutwa hauhesabiwi. Ya pili, livuke kwa nguvu zake lenyewe. Mukono wa mutu wa nje ukilisukuma, linafutwa.

Tuliingia na Tantine. Kambale kwenye volan, usukani wake, mimi na Muzee Saleh kwenye matengenezo, na chukudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea muzigo, ya kutuletea pine za magurudumu na bido za esanse, kwa sababu hakuna kitu kinachopita haraka kuliko chukudu katikati ya watu wengi. Kambale hakuwa na mbio. Alikuwa na adabu. Wengine walichoma freni, walivunja amotisa zinazobeba gari juu ya mashimo, waligongana kule kwenye kona ya Munigi, na yeye anapita tu, taratibu, kama anayepeleka abiria hospitali. Masaa yalipokaribia kwisha tulikuwa wa kwanza. Wa kwanza, ninawaambia!

Akashuka kwa mara ya mwisho. Alipofika pale njia inapokuwa sawa, mustari unaonekana, Tantine akazimika. Si mbali. Mutu angeweza kutupa jiwe likafika. Na Kambale hakuhangaika hata kidogo, maana demareri alikuwa anaijua kama mimi. Akainama chini ya kiti kutafuta ufunguo wa bujii.

Pale pembeni alikuwa anauza visamaki vya sambaza vya kukaanga mama mumoja anaitwa Mama Faida, mwenye mikono minene na moyo mukubwa kuliko mikono. Kambale alikuwa mutu wake, kila asubuhi alinunua kwake. Akaona gari la mutu wake limesimama. Je, alifikiri? Anafikiri nini? Huku kwetu gari likisimama unasukuma, kama vile mutoto akianguka unamuinua. Akaacha karai kwenye moto, akaweka bega, akaita, "Jameni, tusaidie Kambale!" Wakaja wote. Vijana, wanajeshi, mama wenye watoto mugongoni. Mimi nilikuwa kwenye mustari, nikapiga kelele hadi sauti ikakatika, "Acheni! Acheni!" Wao wakafikiri ninawashangilia. Kambale, kichwa chini ya kiti, akasikia gari linatembea, akadhani ni muteremuko. Alipoinua kichwa, alikuwa amekwisha kuvuka mustari, na watu wanapiga vigelegele.

Bwana wa bendera akaikunja. Akatikisa kichwa. Jina la Tantine likafutwa.

Weee! Watu walipoelewa walichofanya, kila mutu akaangalia mikono yake. Mama Faida akakaa chini kwenye majiwe akaanza kulia kwa sauti, kama kwenye matanga. Na Kambale, aliyekuwa amepoteza kila kitu, ndiye aliyekwenda kuchuchumaa mbele yake. "Mama Faida, nyamaza. Munanipenda, ninajua. Ni vile tu munanipenda mbio mbio."

Lakini iliingia ndani. Jioni ile, alipofikisha Tantine nyumbani na kuvuta freni ya mukono, bibi yake Masika alimuuliza kutoka jikoni, "Umefika?" Akajibu, "Mimi nimefika. Tantine bado." Walicheka. Ikawa desturi yao ya kila jioni. Umefika? Mimi nimefika, Tantine bado. Miaka ikapita, mashindano yakasimama kwa sababu ya mambo ya muji huu ambayo sina haja ya kuwaelezea. Muzee Saleh akatutangulia, Mungu amurehemu, akaniachia garaji na ile fimbo. Na Kambale akapata ugonjwa wa sukari, ukaenda moja kwa moja kwenye macho.

Hakutaka kuuza Tantine. Kila asubuhi alikuwa anaingia ndani yake palepale uani, anafunga mulango, anashika volan, anakaa. Masika alikuwa ananiletea habari. Siku moja akaja garajini mwenyewe, akasimama katikati ya vyuma na kitenge chake kisafi, akakataa kiti.

"Papa Ramazani, wanasema mashindano yatafanyika tena."

"Nimesikia, Mama."

"Daktari amesema macho ya Kambale hayatarudi tena. Na siku hizi nikimuuliza jioni kama amefika, hanijibu." Akakaza kitenge chake kiunoni. "Nitaendesha mimi. Kabla ya kuzaa nilikuwa ninaleta maharagwe kutoka Butembo na kamiyonete, unajua ile njia. Kushinda sitaki. Ninataka tu akae pale kwenye mustari, asikie Tantine akifika."

Nikajifanya ninatafuta ufunguo. Nikamuambia nitahitaji soksi ndefu. Akaleta zake za kwendea misa, jozi nzima, na akanikataza kumuambia padri.

Siku ya mashindano tulimuweka Kambale kwenye kiti cha plastiki karibu na bwana wa bendera. Kofia kichwani, fimbo ya mukaratusi katikati ya magoti, maana niliona ni haki yake kuishika. Alikuwa anatambua kila gari kwa mulio wake. "Huyu ana bujii moja chafu," anasema. "Huyu freni zimekwisha, mumuambie." Na Tantine akipita hasemi kitu, anainua kidole tu. Mama Faida alikuwa palepale na karai lake, lakini siku hiyo hakuuza vizuri. Kila mara alikuwa anasimama kuangalia njia.

Masika aliendesha kama mutu anayebeba mayai. Kwenye kituo cha mwisho nikaona plaketi za freni zimeliwa zote na ule muchanga mweusi. Nikabadilisha. Nilipomaliza kukaza boulon ya mwisho, Masika akanifungulia mulango wa pili. Aliyekaza ndiye anayepanda. Waandaaji hawakuwa wamekataza abiria. Nafikiri hawakuwaza kama kuna mutu mujinga kiasi hicho. Nikapanda na matope yangu.

Tulikuwa tumegeuka Munigi, tunashuka, tuliposikia kule chini honi zinapigwa. Masaa yameisha, mushindi amevuka. Kilichobaki kwetu kilikuwa kufika tu. Na palepale, moteri ikanyamaza. Nikasikiliza. Pompi ya esanse imekufa.

"Papa Ramazani," Masika akasema, macho mbele, "usiniambie."

"Shuka bure, bila vitesi, Mama. Acha freni. Muteremuko utatubeba."

Ulitubeba. Tulipita nyumba, tukapita kanisa, kila nilipotazama mwendo ulikuwa unapungua, na mimi ninaomba Mungu kwa Kiarabu na Masika pembeni yangu anaomba Bikira Maria kwa Kinande. Tantine akasimama. Munajua wapi. Palepale. Ninaapa, kama hakuwa ndani ya alama ileile alikuwa jirani yake.

Niliruka nje na ufunguo wa bujii. Nikainua macho, nikawaona wanakuja. Katindo nzima. Wanakimbia, mikono mbele, nyuso zimejaa huruma. Ee Mungu wangu! Nikaita, "Musiguse! Musisukume!" Lakini sauti ya mutu mumoja ni nini mbele ya watu wenye huruma? Wa kwanza alikuwa amebakiza hatua chache afike kwenye kofa.

Ndipo Mama Faida alipotoka. Alikimbia na ule uzito wake wote, akafika mbele yao, akatanua mikono na kijiko cha karai kikingali mukononi, mafuta yanadondoka.

"Mikono nyuma!" akapiga kelele. "Wote! Atakayegusa gari la Kambale nitamukaanga! Mikono nyuma!"

Wakasimama. Kwanza mumoja, kisha wote, wakaweka mikono nyuma ya mugongo. Vijana, mama, wapita njia. Mwanajeshi mumoja alishika mukanda wake mwenyewe kwa nyuma kwa nguvu, kama anajizuia kuanguka.

Nikatoa bujii. Zilikuwa za moto. Vidole hivi viwili munavyoviona havina alama za ngozi hadi leo. Nikarudi ndani. "Vitesi ya kwanza, Mama. Zungusha."

Ngwii. Tantine akaruka mbele kidogo, akasimama. Ngwii. Tena kidogo. "Pumzika," nikasema. "Sasa vuta." Harufu ya kuungua ikaanza kupanda kutoka kwenye demareri. Watu walikuwa wanatembea pembeni yetu, mikono nyuma, hatua yetu ni hatua yao. Hakuna aliyeshangilia. Nilimuona muzee mumoja machozi yanamushuka na hawezi kuyafuta, maana hataki kutoa mukono. Mama Faida alikuwa anatangulia kinyumenyume mbele ya kapo, uso kwa uso na Tantine, anamuita kama unavyomuita mutoto anayejifunza kutembea, "Njoo. Njoo mama. Njoo."

Karibu kabisa na mustari, batri ikaisha. Masika akazungusha, ikalia ka! tu. Akazungusha, ka. Akaweka paji la uso kwenye volan.

"Mwache," nikamuambia. "Batri ni kama mutu. Ikipumzika inapata nguvu kidogo ya mwisho. Subiri."

Tukasubiri. Bwana wa bendera alikuwa ameinua bendera, lakini hakuishusha. Na hapo nikamuona Kambale. Alikuwa amesimama kutoka kwenye kiti. Akapapasa kwa fimbo, akatafuta mustari wenyewe, akapiga magoti, akaweka ncha moja ya fimbo kwenye lami na nyingine kwenye sikio.

"Niacheni nisikie," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

"Sasa," nikamuambia Masika.

Akazungusha. Ngwiiii. Tantine akajivuta, polepole, kwa uchungu, gurudumu za mbele zikapita, za nyuma zikapita, kisha demareri ikatoa moshi ikanyamaza kwa siku zote. Bendera ikashuka.

Tulikuwa wa mwisho. Mushindi alikuwa bwana mumoja wa mutaa wa Himbi mwenye gari zuri. Alipewa kombe, akapigwa picha, na leo hakuna anayekumbuka jina lake, hata mimi. Sisi tuliandikwa chini kabisa. Lakini tuliandikwa.

Watu walibaki wamesimama vilevile, mikono nyuma, hawajui kama wameruhusiwa. Kambale akafika kwenye Tantine, akaweka kiganja juu ya kapo la moto, akakiacha pale muda. Masika alishuka. Hawakukumbatiana, si watu wa kukumbatiana njiani. Alimushika mukono tu, akamuingiza ndani ya gari, akamukalisha kwenye kiti cha dereva, akafunga mulango.

Kambale akatoa kichwa dirishani.

"Mama Faida eko wapi?"

"Niko hapa, papa."

"Haya. Sasa sukumeni."

Yoo! Sijawahi kusikia kelele kama ile tena katika muji huu. Ilikuwa kama umefungulia maji. Kila mutu alitaka kupata mahali pa kuweka hata kidole kimoja, na aliyekosa nafasi kwenye gari alimusukuma aliye mbele yake. Mama Faida aliweka bega lilelile. Na mimi, mwanafunzi wa Muzee Saleh, niliyefundishwa kwamba gari si ng'ombe, nikaweka mikono yangu yenye malengelenge juu ya kofa na kusukuma huku ninalia kama mutoto. Kambale alikuwa ameshika volan, macho yake yamefunguka hayaoni kitu, na Masika anatembea kando ya dirisha na kumuambia, "Kushoto kidogo. Basi. Kuna shimo, pita kulia. Basi."

Tulipofika kwenye lango la nyumba yao, Kambale akavuta freni ya mukono mwenyewe. Watu wakaondoa mikono. Masika akapita mbele yetu, akaingia hadi jikoni, na kutoka kule ndani akauliza kwa sauti, kama kila jioni:

"Umefika?"

"Tumefika," Kambale akajibu.